Kurasa Tisa za Lengo la Kundi

Niliombwa sentensi moja tu: lengo la kundi letu la picha mtandaoni, la Wakenya wa Minneapolis. Mimi, mwanafunzi wa uzamivu, niliandika kurasa tisa. Kwenye kikao cha video nilizisoma zote, kisha nikaonyesha mfano wa picha isiyostahili kukubaliwa: gari lililofunikwa na theluji huko Crystal, mji jirani, picha yenyewe ukungu mtupu.

Mama Atieno, mwanzilishi wetu, akawasha maikrofoni. "Daktari, hiyo ni yangu. Niliipiga siku niliyotolewa bandeji machoni baada ya upasuaji."

Nilisubiri kuondolewa kundini. Badala yake alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Hata mimi nilidhani hilo gari ni kondoo, mwanangu! Sasa andika: tunaonyeshana tulichokiona. Hizo kurasa peleka chuoni."

Nikaiandika sentensi hiyo moja.