Jiwe Jeusi la Lengai

Kwa miaka minne Nalotuesha alimsalimia Martini kwa heshima zote, huku moyoni akimwombea mabaya. Martini, kiongozi wa watalii kutoka Karatu, ndiye aliyemtelekeza kaka yake, Lekishon, juu ya mlima Oldoinyo Lengai. Lekishon alikuwa mpagazi. Alikanyaga gamba la lava lililoonekana limepoa. Likavunjika, mguu ukazama kwenye moto. Martini akawaambia wageni kuwa jamaa amelewa, atashuka mwenyewe. Alishuka akitambaa. Hospitalini wakaukata mguu chini ya goti.

Nalotuesha akashika kazi ya kaka yake. Aliwabebea mizigo watafiti wa volkano, masikio wazi. Akajifunza kwamba lava ya Lengai si kama ya milima mingine: hutoka nyeusi kama lami, lakini ikipata unyevu, hata wa hewani tu, hugeuka nyeupe na kumomonyoka. Watafiti waliifungia kwenye makopo makavu yasiyopitisha hewa.

Siku moja Martini akamjia.

"Dada, kuna mzee mgeni anakusanya mawe. Nimemwahidi jiwe jeusi la Lengai, la moto wa juzi. Utanipatia?"

"Nitakupatia, kaka."

Akapanda, akachagua zuri kuliko yote. Martini alilizungushia kitambaa, akalitupa nyuma ya pikapu. Karatu mvua ilikuwa imeshaanza. Nalotuesha alimtakia safari njema.

Baada ya siku nne akamfuata Karatu. Alimkuta hotelini, mbele ya yule mzee na viongozi wenzake, akijigamba: "Mlima ule hakuna anayeujua kunizidi." Akafungua kitambaa. Vikamwagika vipande vya kijivu na unga mweupe.

Alipomwona Nalotuesha mlangoni, akafoka: "Huyu kanitapeli!"

"Jiwe ni lenyewe," alijibu Nalotuesha. "Anayeujua mlima anajua huwa hivi. Na siku ile Lekishon alipoungua, alikuwa amelewa nini, kaka? Waambie."

Mzee akauliza Lekishon ni nani. Nalotuesha akasimulia yote, taratibu, bila kuruka kitu. Habari zikamfikia mwajiri wa Martini; wiki haikuisha, akafukuzwa kazi.

Nyumbani, Lekishon alisikiliza akiegemea gongo lake.

"Mguu haurudi," alisema.

"Najua. Nilitaka tu aumbuke mbele za watu."

Akachemsha chai, wakanywa. Kila alipokumbuka uso wa Martini alicheka peke yake, bila chembe ya huruma.