Mgomba Niliouvisha Shati

Usinicheke. Shule niliiacha mwaka wa pili, lakini macho yangu ni mazima na uongo sijauzoea. Hii ilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa kichwani.

Vita ya pili hapa kwetu ilinichukulia mume, Furaha akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba Furaha alikuwa mpasua mbao. Askari walimkuta njia ya Kalundu, wakamtwika mizigo yao, wakapanda naye mlimani. Hakurudi. Nilingoja miaka mitatu. Kisha shemeji zangu wakaja: "Mama Furaha, mtu asiyezikwa anasumbua ukoo. Tuzike mgomba." Ndivyo tunavyofanya maiti isipopatikana: tunakata mgomba urefu wa mtu, tunauvisha, tunaulilia, tunaufukia. Nilikataa, nikachoka, nikakubali. Nikauvisha shati lake la misa kwa mikono hii.

Mwezi haujaisha, masasi ya bunduki yakatulia kidogo. Majirani watatu wakanishawishi twende msituni juu ya Kalundu, tuone miti iliyogeuka jiwe, tena turudi na kuni. Njiani wakanitania: "Ukipata mzee wa jiwe mule, beba! Huyo hatakumalizia bugali." Nikacheka. Mungu anisamehe.

Tulifika. Kweli ilikuwa miti, ina maganda na vifundo, lakini ukiigusa ni jiwe, baridi. Wenzangu wakainamia kuni. Mimi nikasikia mtu ananoa panga. Anakwaruza mara tatu, anatema mate kwenye chuma, anakwaruza tena. Mke gani hamjui mume wake anavyonoa? Nikazunguka gogo moja la jiwe.

Alikuwa ameketi juu yake. Shati la misa limejaa udongo.

"Furaha anatembea?" akauliza.

"Anakimbia."

Akatabasamu, panga haikusimama. "Minye nilikuwa nakuja, Mama Furaha. Nilikuwa nimeshaanza kuona ziwa la kwetu. Mukanizika."

"Simama twende nyumbani."

"Na miguu gani?"

Nikatazama. Kuanzia magoti ilikuwa jiwe, imeshikana na gogo. Nikamkamata mkono. Amini, ulikuwa na joto, mkono wa mtu. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Wenzangu wakaniita, nikageuza kichwa mara moja tu, na mkononi mwangu hamkuwa na kitu. Juu ya gogo, mate yalikuwa hayajakauka.

Nilishuka mbio, nikafukua kaburi. Shemeji zangu walinitukana: "Weye uko na wazimu!" Mgomba unaoza upesi, kila mtu anajua. Huo uligonga jembe, likalia. Ulikuwa jiwe, na shati halikuwepo. Walewale walionitukana wakanibebea huo mgomba wa jiwe mpaka mlangoni kwangu. Uko pale hata leo.

Weye unayesoma, kama mtu wako hajarudi, ndugu wasikukimbize kumzika. Waache waseme. Minye nilichoka siku moja, na siku hiyo moja alikuwa njiani.

Furaha sasa ana watoto. Jioni naweka panga juu ya lile jiwe. Tangu siku ile sijainoa, na kila asubuhi inakata.