Gunia Lisilojaa

Harufu ya mabibo yaliyochachuka ilitufuata hadi ndani ya chumba cha kompyuta pale shuleni kwetu, Milola. Ulikuwa msimu wa korosho, nami nilikuwa kidato cha pili. Kila alfajiri nilitenganisha korosho na mabibo pamoja na bibi yangu, na utomvu ulinibabua vidole vikawa vyeusi kama vya mchoma mkaa. Mwalimu alikuwa ametupa kazi moja: kuandika programu ya kujaza gunia la korosho, debe la kilo kumi baada ya debe, hadi litimie kilo themanini. Ambaye programu yake ingefanya kazi ndiye angekwenda mashindanoni Lindi, na sikuwahi kutamani kitu kama nilivyoitamani nafasi ile.

Kompyuta zilikuwa mbili tu. Hamisi, kiranja wetu, aliusukuma mkono wangu kutoka kwenye kibodi. "Dada, kwa mikono hiyo utatutilia madoa. Kaokote korosho!" Darasa likaangua kicheko. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku ya kuonyesha kazi, programu ya Hamisi ilikataa kusimama. Skrini ilijaa maneno yaleyale: kilo kumi, kilo kumi, kilo kumi. Siku mbili kabla, nikiwa nyuma yake, nilikuwa nimeliona kosa. Nikanyamaza kusudi, ili aanguke mbele ya watu. Mwalimu alipouliza nani awezaye kurekebisha, niliinuka.

"Kaka Hamisi, kwenu mkijaza korosho, kila debe mnachukua gunia jipya?"

"Nani afanye upuuzi huo?"

"Wewe. Umeamuru gunia jipya liundwe ndani ya mzunguko, pale amri zinaporudiwa kwa kila debe. Kila ukirudi unaanza na tupu, halijai mpaka kiama."

"Kumbe kiranja hajawahi kuokota hata korosho moja!" mtu akadakia, na safari hii aliyechekwa hakuwa mimi. Nikauhamisha mstari mmoja tu, ule wa kuunda gunia, ukakaa juu ya mzunguko, taratibu, vidole vyangu vikionekana na wote. Gunia likafika themanini, programu ikasimama.

Nilikwenda Lindi. Hamisi hakukanyaga tena chumba kile.

Leo nawafundisha vijana hapa Kilwa Masoko, kila mmoja na kompyuta yake, na kosa lilelile nalikuta kila muhula. Huwa nainama nikawaelekeza kwa sauti ya chini, kwa kuwa naamini elimu haikuumbwa iwe fimbo. Hata hivyo, nikijiuliza kama ningemnong'oneza Hamisi lau siku ile niliyoliona kosa ingerudi, jibu la kweli ni kwamba ningenyamaza tena. Najua si jema, na utamu wake haujaniisha.