Halua Haibadilishiwi Mkono

Mume wangu Walid ana miaka hamsini na minane, na huu ni mwaka wa kumi na mbili kiuno kinamuuma. Nasema mimi kwa sababu yeye hasemi. Ukimuuliza hali atakujibu "Alhamdulillahi" huku ameshika ukuta.

Kazi yake ni kusonga halua, kama babake, marehemu mzee Mahfoudh, hapa hapa Bagamoyo mjini, katika jiko lile lile la uani. Halua ikishapanda motoni haitaki kuachwa. Ukiipa mgongo inaungua chini. Ni saa mbili za kuinama juu ya sufuria ya shaba na mwiko mrefu, na kadiri inavyoiva ndivyo inavyokuwa nzito. Mzee Mahfoudh aliacha na sheria yake: halua haibadilishiwi mkono. Aliyeianza ndiye wa kuiepua.

Tulihangaika. Aliumikwa chuku, akanywa kombe la aya za Kurani, akapigwa sindano, akapakwa mafuta ya kila rangi. Vidonge vya maumivu alivitafuna kama njugu mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Mwaka juzi daktari mmoja akamwambia aache kazi. Walid alirudi nyumbani, akaosha sufuria, akaifunika gunia, akakaa barazani siku tatu bila kusema na mtu. Hapo ndipo nilipoogopa. Walid mgonjwa nilishamzoea, lakini yule wa barazani sikumjua.

Siku ya nne nikampeleka kwa Mwanamvua, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa Miono asiye na haraka.

"Shikamoo, mzee. Hebu nisimulie siku yako, tangu unaamka mpaka unalala."

"Marahaba," alisema Walid, akanigeukia. Nikasimulia mimi: usingizi wa vipande vipande, chai ya sukari vijiko vinne, hasira za bure, na sala anayosali juu ya kiti huku akiona haya msikitini.

"Maumivu haya huenda yasiondoke yote, sitakudanganya," alisema Mwanamvua. "Tutayafundisha adabu."

Akampa mazoezi ya kulala chali kila baada ya Alfajiri. Akandwe kwa maji ya moto na mafuta ya ufuta. Jioni atembee njia ya Kaole, na asitembee peke yake. Sukari ipungue. Vidonge viwe vya kipimo alichoandika daktari, basi. "Na kazi usiache. Ila kila robo saa mpe mwiko mtu mwingine, wewe ukajinyooshe."

Yote aliyakubali isipokuwa hilo la mwisho.

Baada ya miezi minne alikuwa analala usiku kucha. Tulitembea, tukazungumza kuliko tulivyozungumza miaka thelathini ya ndoa. Gunia likatoka kwenye sufuria. Lakini jikoni alibaki yeye na mwiko wake, mlango kaufunga kama alivyoufunga babake, eti upepo unaharibu halua.

Kisha ikaja harusi ya binti wa jirani yetu Haidar. Kazi ikiwa nusu nikasikia naitwa. Hakuniita Mama Shahad kama siku zote, aliniita Miza. Nilimkuta kapiga magoti, kiuno kimekaza, mkono mmoja bado unasonga.

"Vuta kuni," alisema. "Imeshaharibika."

"Haijaharibika. Nipe mwiko."

"Halua haibadilishiwi mkono."

"Basi tubadilishe mume," nikamwambia, nikamnyang'anya.

Alilala kwenye mkeka akiniamrisha: polepole, geuza, kwangua pembeni. Mwisho akaacha kuamrisha. Alijinyoosha kama alivyofundishwa, na baada ya robo saa au zaidi akainuka, akauomba mwiko. Tulipokezana hivyo mpaka samli ikajitenga na halua ikaiva.

Hakuthubutu kumpelekea Haidar kabla haijaonjwa na shangazi yake, Bi Kholood, dada wa mzee Mahfoudh, aliyepita miaka themanini. Bi Kholood alikula, akashushia kahawa chungu.

"Ya baba yako hasa."

Walid akainamisha kichwa. "Shangazi, nimepokezana na Miza."

Bi Kholood alicheka mpaka akakohoa. "We mtoto, ulidhani mlango ule ulifungwa kwa ajili ya upepo? Kakangu alikuwa na mgongo mbovu tangu ujana wake. Mama yako ndiye aliyekuwa akimpokea."

Walid alilia palepale, mbele yetu, bila kujificha.

Siku hizi mlango uko wazi. Kiuno bado kinauma, masika hasa, na ziko siku hainuki kitandani. Lakini anasujudu chini, kwenye mkeka, na mara ya kwanza nilipomwona nilikwenda kulia jikoni. Maumivu siyashukuru, nani atayashukuru? Namshukuru Mungu kwa zile robo saa zangu, ninaposonga naye kalala chali, goti kifuani, ananisimulia habari za wazee wake.

Jana alikuwa akimwonea huruma marehemu mama yake. Miaka yote ile, alisema, hakuna aliyemwambia ahsante, kwa kuwa hakuna aliyejua. Kisha akainuka, akanyoosha mkono.

"Ahsante, mke wangu. Lete, zamu yangu."