Pombe Iliyokataa Kuchacha

Wiki ambayo wakwe wa dada yangu walikuwa waje kutoka Bukama kuzungumzia mahari, pombe ya mama ilikataa kuchacha. Uji wa mahindi ulikuwa umeshapoa, kimea kimetiwa, pamoja na machicha ya pombe iliyopita, ambayo ndiyo hubeba chachu. Kwa kawaida kesho yake pipa huanza kunong'ona. Safari hii lilikaa kimya. Mama alifunua kifuniko, akanusa, akafunika. Kwake, kuwapa wakwe bia ya chupa kungekuwa kuwaambia kwamba nyumba hii haina mwanamke wa kumfundisha binti kazi.

“Haikuchelewa,” alisema. “Ilikasirika. Weye na yaya yako mulibishana pembeni yake.”

Ni kweli tulibishana. Nilimwuliza dada, yaya wangu kwa kuwa ndiye mkubwa, kwa nini akubali kujadiliwa kama shamba, naye akanijibu kwamba nimesoma mpaka nimepitiliza. Lakini pombe haina masikio, na hilo nililisema. Ilikuwa miezi ya baridi, ile ambayo hapa kwetu Kamina watu hutoka asubuhi wamejifunga mablanketi, na pipa lilikuwa limekaa juu ya saruji tupu. Chachu ni kitu hai: ikipata baridi inasinzia, ikiunguzwa inakufa.

“Mama, haiko na hasira. Iko na baridi.”

“Basi fanya ile ya masomo yako. Kiisha mukoroge, weye naye, na mwiko moja.”

Hiyo ndiyo desturi yake: waliogombana mbele ya pombe huikoroga pamoja. Nilipendekeza tuigawe. Nusu tuipashe joto bila kupatana, nusu tupatane na kuiacha kwenye baridi, tuone. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

“Na bakwe batakunywa gani? Ile ya kujaribia?”

Nikainua pipa juu ya mbao, nikalivisha koti zito la baba la kazi ya reli, nikaweka mbabula, jiko letu la makaa, karibu, lakini si karibu sana. Kila mara niligusa ubavu wa pipa. Liwe vuguvugu kama maji ya kuogesha mtoto mchanga, basi. Kisha dada akashika mwiko, nami nikashika juu ya mkono wake.

“Mawazo yangu haijabadilika,” nilimwambia.

“Nani anakuomba mawazo? Koroga, dokta.”

Kesho yake povu lilikuwa linasukuma kifuniko. Nilifungua mdomo nieleze sababu. Dada akanikanyaga mguu.

Wakwe walipokaa, mama alijaza kikombe cha kwanza. Kwetu aliyepika pombe ndiye huionja mbele ya wageni, waone haina ubaya. Nilingoja anywe. Akanigeukia, akanipa mimi, kwa mikono miwili.

Nikanywa. Ilikuwa kali kidogo kuliko zake za siku zote. Dada alikuwa ananitazama mdomoni.

“Iko muzuri,” nilisema, na mazungumzo ya mahari yakaanza.