Mzee wa Begi Langu

Mie nakaa Goba, kule juu ambako bodaboda ukiwatajia wanauliza kwanza kama mvua imenyesha. Kwa hiyo ofisini kwetu Mwenge waliposema mwaka huu hatuendi ufukweni kula nyama choma, tunapanda Kilimanjaro, wote walinigeukia. Wakasema wewe si unapanda mlima kila siku ukirudi nyumbani. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, magoti yanalia nikiinuka kitini, na mwaka ule mzima nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa kulala nao na kuamka nao. Lakini nikaona nikikataa nitaitwa bibi kabla ya wakati. Nikaandikisha jina.

Mazoezi nilifanya, sitaki kujisingizia. Kila jioni nikishuka stendi naachana na bodaboda, napanda kilima kwa miguu na mkoba begani, majirani wananipa pole wakidhani nimeishiwa nauli. Wiki tatu hivyo. Halafu tukapanda basi la Moshi.

Getini pale hifadhini kila mgeni alipangiwa mtu wa kumbebea begi kubwa. Wabebaji wa mlima ule wanajiita wagumu, na ni wagumu kweli, vijana wenye shingo nene. Wenzangu wakapewa vijana. Mie nikaletewa mzee. Mzee hasa, rika la baba yangu, mvi zimechungulia chini ya kofia ya sufu, ananyoosha mikono apokee. Nikajikuta nimeshaamkia shikamoo na begi nimelikumbatia. Akaitikia marahaba vizuri tu, akalivuta taratibu mikononi mwangu, akajitwika, akaondoka.

Nimekulia Singida. Kwetu mtu wa umri ule akiwa na hata kifurushi cha sukari unampokea, hata kama humjui, hata kama unaelekea kwingine. Sasa huyu amebeba khanga zangu na nguo zangu za ndani anapanda nazo mlima, mie niko nyuma na kichupa cha maji. Msitu ule ni mzuri, miti imeota manyoya ya kijani, mbega wanarukaruka juu, wenzangu simu haziwatoki mkononi. Mie sikuona raha yoyote.

Tulipofika kwenye vibanda vya kwanza, mzee hakuwepo. Tulikuwa tumempita njiani amekaa kwenye gogo. Wagumu wengine walishafika zamani, wanamenya viazi, begi langu tu ndilo halipo. Akaingia wakati tunamalizia chai. Kiongozi wa wagumu, jamaa wa makamo, hakumgombeza. Alimwambia kwa sauti ya chini, ila mie nilikuwa karibu.

"Mzee, kesho ukiwa wa mwisho tena, keshokutwa unashuka. Na safari nyingine sikuandiki."

Mzee akasema sawa.

Baadaye nilimfuata jikoni, anakausha soksi. Nikamuuliza kwa nini asipumzike tu nyumbani, watoto si wapo? Akacheka. Alisema watoto wapo, tena wazuri. Mkwewe anampelekea chai kitandani kama mgonjwa, na akienda hata mgombani mjukuu anatumwa amfuate nyuma asije akaanguka. Huku mlimani ndiko pekee alikobakiza watu wa kumwambia chukua hiki, peleka kule. Safari hii aliiomba siku nyingi mpaka wakamwonea haya. Akishushwa, hakuna wa kumchukua tena, atabaki na ile chai. Nikaitikia kwa kichwa, nikadhani nimemwelewa.

Asubuhi hakusubiri wenzake wafungashe. Aliondoka nasi, ili atangulie. Msitu ukaisha, tukatokea kwenye majani na vichaka vifupi, jua linachoma na upepo unagandisha kwa wakati mmoja, mwili wa mtu wa Dar haujui uvae au uvue. Wenzangu wakatangulia na mwongozaji mkuu. Mwongozaji msaidizi alibaki nyuma kabisa na dada yetu wa mapokezi, ambaye alikuwa anatapika. Katikati tukawa mie na mzee.

Hatua kumi, kupumua. Hatua kumi, kupumua. Jamani, nilichoka mpaka nikawa nawachukia watu waliobuni safari, mmoja mmoja, kwa majina. Wagumu nao wakaanza kutupita, redio zinaimba mifukoni. Kila akipita mmoja mzee anamsindikiza kwa macho, anaongeza mwendo, halafu miguu inamkatalia. Tulipokaa kula niliona shingo yake inatetemeka, na begi liko chini. Nikainuka, nikakunja khanga kuwa kata, nikajitwika begi langu mwenyewe.

Alikataa. Alisema mgeni habebi, haijawahi kuonekana. Nikamwambia mie maji nimebeba kichwani tangu sijaanza darasa la kwanza, siwezi kutembea namtazama baba yangu anateseka, na bila mzigo atawahi, si ndicho anachotaka? Akachukua kichupa changu cha maji, akanifuata. Leo najua kwamba hakukubali. Mgeni ndiye anayeamua pale. Lakini wakati ule nilijiona mtu mwema kweli kweli, japo roho ilikuwa inanitoka.

Nilikuwa na mpango wangu. Nitabeba mpaka kona ya mwisho, nimrudishie pale, aingie kambini nalo. Na kweli alianza kutembea vizuri, mkono mmoja nyuma, ananionyesha maua na kunitajia majina kwa Kichaga. Mara mbili aliniambia sasa nipe, mwanangu. Mara mbili nikamwambia bado kidogo. Nilikuwa nimenogewa na wema wangu, ndiyo ukweli wenyewe.

Kona ya mwisho hatukuifikia. Wagumu walipoona wageni wengine wamefika na mie sionekani, walishuka kunipokea, kiongozi wao mbele. Walichokuta ni mama mtu mzima wa Goba na begi kichwani, na nyuma yake mzee mikono mitupu, kanishikia kichupa cha maji. Vijana wakacheka mpaka wakashika magoti. Kiongozi hakucheka. Akanitua begi, akampa kijana, akaniambia pole mama.

Nilimweleza. Nikasema hatujachelewa, ndiyo kwanza saa tisa, na mzee hakuniomba, mie ndiye nimemnyang'anya. Alinisikiliza kwa adabu zote. Akasema anajua, lakini mtu anayeweza hanyang'anywi mzigo na mgeni, na wagumu wote wameshaona, hata yeye angetaka kumwachia asingeweza tena. Kesho anashuka. Mzee alikuwa amesimama hapo hapo, anatazama viatu vyake.

Asubuhi nilimkuta nje ya jiko anafunga kamba za viatu. Maneno nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Nikamwomba radhi, nikamwambia nilitaka kumsaidia tu, sikujua. Alimaliza kufunga kwanza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mimi nilikuwa nimechoka tu, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye uliyenizeesha."

Akashika njia ya kushuka.

Wenzangu walikuwa wanajipaka mafuta ya jua, wanaimba, wanajiandaa kwenda juu. Mie niliona aibu, na kileleni hakukuwa na kitu changu tena. Nikamwambia mwongozaji magoti yamegoma. Nikapewa kijana wa kunishusha pamoja na begi langu.

Nilitaka nimkute mzee njiani. Nilishawaza yote: nitamwomba alichukue begi, nimlazimishe ikibidi, tutokee getini yeye amelitwika na mie niko nyuma, watu wa kwao wamwone. Nilishuka mbio kadiri miguu ilivyoweza, kucha za vidole gumba zinavuja damu ndani ya viatu, kijana ananiambia mama taratibu utaanguka. Kila kofia ya sufu iliyoonekana mbele nilidhani ni yeye. Kwenye vibanda vya kwanza wakasema amepita zamani. Nikaingia msituni sioni mti wala mbega, nasikiliza tu kama kuna mtu anakohoa mbele.

Tulitokea getini saa kumi jioni. Nikamuuliza askari kama mzee wetu ameshapita. Akafungua daftari, akashusha kidole, akasema alisaini kutoka kabla ya saa tano asubuhi. Halafu akanitazama nilivyokaa chini pale na viatu mkononi, akaniuliza yule babu nilitaka kumfikia kwa mwendo gani, maana alipita hana hata jasho.