Kanzu Kumi na Mbili

Fundi cherehani mmoja watu walimwita Mama Jicho, kwa sababu alikata nguo bila kupima. Akikutazama mara moja tu, mkasi unaingia kitambaani. Alijivunia hilo hata mbele ya Mungu.

Kisha alishona kanzu ishirini za kwaya ya kanisa lake, na siku ya kuzijaribu, kumi na mbili zikabana makwapani. Mwalimu wa kwaya akahema ndani ya kanzu yake: "Mama, hapa hata amina haitoki!" Watu wakaangua kicheko. Mama Jicho akaenda nyumbani, akaifunika cherehani, akaapa kwamba hatashona tena.

Wifi yake alimkuta amejikunyata kitandani.

"Umesusa?"

"Mungu ameniaibisha, wifi. Amenikataa."

"Wewe ukiwachapa wanao, unakuwa umewakataa?"

"Wale si wangu?"

"Na wa jirani wakikosea?"

"Nawaachia mama yao."

Mama Jicho alilia kidogo, lakini moyo ulikuwa umetulia. Kumbe Mungu aliyemrudi bado anamhesabu kuwa mwanawe.

Asubuhi alikwenda kwa mwalimu wa kwaya na utepe wa kupimia, wa kuazima.

"Inua mikono, mwalimu."

"Leo unapima?"

"Napima. Simama wima, uache maneno."

Alimpima kifua, akarudia, akaandika. Kufikia mchana alikuwa ameifumua kanzu ile na kuitia kipande cha kuongeza kwapani. Akavuta ya pili.